Usonji na ulemavu wa akili si sababu ya kumfungia mtu wodini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie watu ambao sheria yetu ya afya ya akili inawagusa bila kuwataja. Hao ni watu wazima wenye ulemavu wa akili na wale wenye usonji, yaani autism kwa Kiingereza. Wengi wao huishi na wazazi wao hadi wazazi wenyewe wanapozeeka, na siku moja isiyo njema hujikuta wamelazwa katika wodi ya wagonjwa wa akili bila ya wao kukubali, na mara nyingine bila mtu yeyote kueleza ni ugonjwa gani hasa wanaotibiwa.

Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, ilipitishwa na Bunge la Kenya mwaka 1989 na kuanza kutumika 1991. Kwa takriban miaka 30 iliwakusanya watu wa hali mbalimbali chini ya jina moja, ikaruhusu walazwe bila ridhaa kwa miezi sita ambayo ingeweza kuongezwa hadi mwaka mzima, na ikaweka utaratibu wa mali yao kusimamiwa na wengine. Juni 2022 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini marekebisho makubwa yaliyotokana na mswada wa Seneta Sylvia Kasanga. Marekebisho hayo yalikuwa mema, nami siandiki kuyabeza. Yaliandika waziwazi kwamba mgonjwa ana haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake, kwamba ridhaa yake iombwe, na kwamba anaweza kuwa na mtu wa kumsaidia kufanya uamuzi. Tena yakazipa serikali za kaunti wajibu wa kuzifikisha huduma karibu na wananchi.

Hata hivyo, jambo moja liliachwa lilivyo. Kwa mujibu wa sheria hiyo iliyorekebishwa, mtu mwenye ugonjwa wa akili ni yule ambaye mtaalamu aliyehitimu amemwona kuwa na ugonjwa wa akili, na humo wanahesabiwa pia waliotawaliwa na pombe au dawa za kulevya na wale wenye fikra au mienendo ya kujiua. Ulemavu wa akili na usonji havikuingizwa katika ufafanuzi huo, wala havikuondolewa. Msomaji anaweza kudhani kwamba ukimya huo unawalinda watu wetu, lakini hauwalindi. Orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ambayo toleo lake la 11 lilianza kutumika Januari 2022, inauweka ulemavu wa akili na usonji katika sura ile ile inayobeba skizofrenia, ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie au aone yasiyokuwapo, na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Shirika hilo lina sababu zake za kitaalamu za kuzipanga hali hizo hivyo, na halikukusudia kumfungia mtu yeyote. Lakini sheria inapomwachia daktari aamue nani ana ugonjwa wa akili, na kitabu anachokitegemea daktari kinauweka usonji katika sura ya matatizo ya akili, mlango wa wodi unabaki wazi kwa mtu ambaye hana ugonjwa wowote wa kuponywa humo.

Tofauti iliyopo si ndogo. Ugonjwa wa akili humjia mtu, ukaweza kutibiwa, ukapungua au ukaondoka. Ulemavu wa akili na usonji ni namna ubongo wa mtu ulivyokua tangu utotoni; hauna dawa ya kuuondoa, na mwenye nao haitaji kuponywa bali kufundishwa, kusikilizwa na kuishi mahali panapomfaa. Ni kweli kwamba mtu huyo huyo anaweza kuugua sonona, wasiwasi uliopindukia au skizofrenia kama mwingine yeyote, na wenye usonji wanapatwa na wasiwasi na sonona kwa wingi kuliko watu wengine. Wakiugua watibiwe, tena kwa heshima ile ile. Ninachopinga ni kumlaza mtu kwa nguvu kwa sababu ya usonji wenyewe, kisha kumshikilia humo akingojewa apone hali ambayo haina kupona.

Mwanangu ana usonji, na sasa ni mtu mzima. Maneno yake ni machache. Kuna kipindi alianza kujigonga kichwa ukutani na kumsukuma kila aliyemkaribia, hata mimi. Tulimpeleka katika hospitali moja, na aliyetupokea alisoma barua yetu, akaona neno usonji, akatuambia ndivyo wanavyokuwa wakikua. Akachomwa sindano ya kumtuliza na akalazwa. Alikaa humo akiwa amelegea, mate yakimtoka, mpaka muuguzi wa zamu ya usiku alipomwona akishika shavu moja tu kila mara na kukataa chakula kigumu. Lilikuwa jino, limeoza hadi mzizini. Liling'olewa, na kijana wangu akarudi kuwa yule tunayemjua. Namshukuru muuguzi yule kila ninapomkumbuka, lakini najiuliza ni wangapi ambao hawakupata mtu wa kuwatazama shavu.

Wazazi tunaokutana katika vikundi vyetu tunazo hadithi nyingi za namna hiyo. Kwa mmoja ilikuwa sikio lenye usaha. Kwa mwingine ilikuwa kufunga choo kwa siku nyingi, jambo ambalo huletwa hata na baadhi ya dawa wanazopewa. Kwa wengine ni kifafa ambacho hakikutambuliwa, au hedhi yenye maumivu makali kwa msichana asiyeweza kusema panapomuuma. Wakati mwingine hakuna ugonjwa kabisa, ila kuna mabadiliko: bibi aliyemlea amefariki, familia imehama, ujenzi umeanza nyumba ya jirani na kelele hazikomi kuanzia alfajiri. Mtu asiye na maneno husema kwa mwili wake. Mwili huo ukipiga na kuvunja, watu huona wazimu, na sheria isiyotofautisha huwaunga mkono.

Wodi yenyewe, hata iwe safi na wahudumu wake wawe wema, ni mahali pabaya mno kwa mtu mwenye usonji. Ina taa zinazowaka usiku kucha, sauti za wagonjwa wenye shida nyingine kabisa, nyuso zinazobadilika kila zamu, chakula asichokizoea na saa zisizotabirika. Anachanganyikiwa zaidi, anapiga zaidi, na kupiga kwake kunaandikwa kwenye faili kuwa sababu ya kutomruhusu atoke. Kipimo kinachotumiwa kumwachilia kinakuwa ni utulivu ambao mahali penyewe hapawezi kumpa.

Haya hayatokei Kenya peke yake, na wenzetu wenye hospitali tajiri wameyapitia kwa uchungu. Sheria ya Afya ya Akili ya Uingereza ya mwaka 1983, inayotumika England na Wales, iliruhusu mtu mwenye ulemavu wa akili azuiwe hospitalini kwa miezi mingi ikiwa ulemavu huo unaambatana na ukali usio wa kawaida au mwenendo wa kutowajibika kupita kiasi. Kwa wenye usonji hata sharti hilo halikuwapo. Mwaka 2011 shirika la utangazaji la BBC lilionyesha picha zilizochukuliwa kwa siri ndani ya Winterbourne View, hospitali ya binafsi karibu na Bristol, ambamo watu wenye ulemavu wa akili na usonji walikuwa wakipigwa, kuvutwa sakafuni na kumwagiwa maji. Wafanyakazi 11 walipatikana na hatia, na sita kati yao walifungwa. Serikali ikaahidi kwamba kufikia Juni 2014 kila asiyestahili kuwa hospitalini angekuwa amerudishwa kwenye jamii. Zaidi ya miaka 10 baadaye, karibu watu 2,000 wa aina hiyo walikuwa bado hospitalini England, na wengine wao wamekaa humo miaka mingi.

Kuna kesi nyingine ya huko ambayo mawakili wetu wangefaa kuisoma. Mwaka 1997 mwanamume mwenye usonji, asiyezungumza, alichukuliwa kutoka kituo anachoshinda mchana na kupelekwa Hospitali ya Bournewood. Walezi aliokuwa akiishi nao hawakuruhusiwa kumwona kwa muda. Kwa kuwa hakuonyesha kupinga, hospitali haikumlaza kwa mujibu wa sheria yoyote. Ilimweka tu, na kwa hiyo hakuwa na tarehe ya kupitiwa upya wala baraza la kulilalamikia. Mwaka 2004 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba uhuru wake uliondolewa kinyume cha sheria. Naitaja kesi hiyo kwa sababu hapa kwetu wengi wa watu ninaowasemea wangehesabiwa kuwa wamelazwa kwa hiari, maana mzazi ndiye aliyetia sahihi na mwenyewe hakusema hapana. Ukimya wa mtu asiyezungumza haupaswi kuandikwa popote kuwa ni ridhaa.

Sasa Uingereza imebadilisha sheria hiyo. Sheria mpya ya mwaka 2025 inasema kwamba ulemavu wa akili au usonji peke yake hautakuwa tena sababu ya kumzuia mtu hospitalini kwa matibabu ya muda mrefu. Lazima kuwe na ugonjwa wa akili mwingine unaohitaji matibabu hayo. Kuzuiwa kwa siku 28 kwa uchunguzi kumebaki, na njia ya mahakama za jinai kumpeleka mshtakiwa hospitalini nayo imebaki. Pia serikali yao imeeleza kwamba sehemu hiyo haitaanza kutumika mpaka huduma za kutosha ziwepo nje ya hospitali. Wapo wanaokasirishwa na kungoja huko, na nawaelewa, lakini yako yaliyotokea New Zealand. Huko, sheria ya mwaka 1992 iliuondoa ulemavu wa akili katika sababu za matibabu ya lazima bila kuandaa cha kushika nafasi yake. Waliokuwa wakifikishwa mahakamani wakakosa pa kupelekwa ila gerezani, au nyumbani bila msaada, na ilibidi Bunge litunge sheria nyingine mwaka 2003 kuliziba pengo hilo.

Kwetu pengo la namna hiyo lipo tayari, limeandikwa katika Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai. Kifungu cha 167 kinamhusu mshtakiwa ambaye, ingawa si mwendawazimu, hawezi kuelewa kesi inavyoendeshwa. Sijui kifungu kingine katika sheria zetu kinachomwelezea mtu mwenye ulemavu wa akili kwa ukaribu zaidi ya hicho. Ushahidi ukionekana kuwa ungetosha kumtia hatiani, hapewi kifungo chenye mwanzo na mwisho kama wanavyopewa wengine. Huwekwa kizuizini kwa muda utakaompendeza Rais. Aliyeiba kuku akiwa na akili timamu hutoka baada ya miezi kadhaa, lakini aliyeiba kuku asielewe hata anashtakiwa nini anaweza kukaa miaka asijue atatoka lini, na wala asiwe na mtu wa kumuuliza. Mahakama Kuu huko Meru ilitamka mwaka 2016 kwamba kizuizi cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Lakini uamuzi wa jaji humfaa zaidi aliye mbele yake na wakili. Aliyesahaulika katika gereza la mbali anahitaji Bunge lichukue kalamu likifute kifungu chenyewe. Wakati wa kufanya hivyo, wabunge wakitazame pia Kifungu cha 146 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho kinakusudia kuwakinga watu hawa dhidi ya unyanyasaji wa kingono lakini kinawaita kwa majina ya matusi, ilhali Kifungu cha 54 cha Katiba kinataka mtu mwenye ulemavu aitwe kwa namna isiyomdhalilisha.

Kuhusu mali na maamuzi ya maisha nitasema machache. Mtoto akifika miaka 18, mzazi anaambiwa benki au katika ofisi ya ardhi kwamba hana tena mamlaka ya kumsemea, na njia anayoonyeshwa ni kwenda Mahakama Kuu kuomba ateuliwe msimamizi, kesi ambayo wengi hatuna fedha za kuilipia wakili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia Mei 2008 na ambao Katiba yetu inaufanya kuwa sehemu ya sheria za nchi, unataka kitu tofauti: mtu asaidiwe kuamua, asiamuliwe. Sheria ya 2022 imeanza kuielekea njia hiyo kwa kumtambua msaidizi wa mgonjwa. Nasi tuliokuwa tukitetea Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, tungependa kuona kanuni zinazoeleza kwa lugha nyepesi msaidizi huyo ni nani, anasajiliwa wapi na anaondolewaje akimwibia anayemsaidia.

Nirudi kwenye wodi, kwa sababu kuna wazazi watakaoisoma barua hii wakakasirika, na hasira yao ina haki. Mama mmoja tunayefahamiana ana mwana mrefu kuliko yeye, mwenye nguvu za mtu mzima, ambaye akishikwa na ghadhabu huvunja madirisha na kukimbilia barabarani. Majirani wamemtishia. Mume aliondoka zamani. Anasema hospitali ndiyo mahali pekee ambapo aliwahi kulala usiku mzima bila kushtuka, kwa kuwa mwanawe alikuwa mikononi mwa wengine. Akisikia mtu anataka wodi ifungwe kwa vijana kama wake, anauliza: basi nimpeleke wapi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami sina haki ya kumhukumu mama huyo.

Jibu langu kwake ni kwamba wodi haikumsaidia mwanawe. Ilimpumzisha yeye, na pumziko ni haki yake ambayo ilipaswa kupatikana kwa njia nyingine. Kaunti zenye bajeti za afya zinaweza kuwa na nyumba ndogo ambapo kijana kama huyo akae siku chache na watu waliofunzwa, huku mama apumzike, na kijana arudi nyumbani bila jalada la ugonjwa wa akili. Zinaweza kuwa na muuguzi na mtaalamu wa tabia wanaofika nyumbani hali inapoanza kuharibika, kabla jirani hajapiga simu polisi. Watoto wamepata angalau mahali pa kuanzia: vituo vya tathmini ya kielimu vilianzishwa tangu 1984, na tangu 2003 Shule ya Msingi ya City jijini Nairobi imekuwa na kitengo cha wanafunzi wenye usonji. Lakini mwanafunzi huyo akiwa mtu mzima, huduma zote hukatika kwa pamoja, na anayebaki kumshughulikia ni mzazi mchovu, chifu, polisi, au daktari wa akili, ambao kwa idadi ni wachache na wengi wao wako Nairobi.

Ndiyo maana sitaki sheria ifute neno halafu ijiondokee. Sheria ikiufunga mlango wa wodi bila kufungua mwingine, mama yule atanunua mnyororo, na chumba cha nyuma cha nyumba yake kitakuwa wodi isiyo na daktari, isiyo na faili na isiyo na siku ya kutoka. Tayari wako watu nchini wanaoishi hivyo, na hakuna anayewakagua. Kwa hiyo naiomba Kamati ya Afya ya Seneti iandae marekebisho mafupi yatakayosema kwamba ulemavu wa akili au usonji peke yake si sababu ya kumlaza mtu bila ridhaa, na kwamba kabla ya kumlaza yeyote mwenye hali hizo kwa sababu ya mwenendo wake, apimwe kwanza meno, masikio, tumbo na kifafa, na matokeo yaandikwe. Katika marekebisho hayo hayo, wajibu wa kaunti wa kutoa huduma za nyumbani na za kuwapumzisha walezi uwekewe tarehe na fedha, kwa kuwa wajibu usio na fedha tumeshauzoea na haujawahi kumfikia mtu mlangoni.

Kuna moja ambalo halihitaji kungoja Bunge. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wenye ulemavu zaidi ya 900,000 kuanzia umri wa miaka mitano, kwa kuuliza ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, lakini haikuuliza nani amelazwa wapi na tangu lini. Huko England idadi ya watu wenye ulemavu wa akili na usonji waliomo hospitalini hutangazwa kila mwezi, na ni kwa sababu ya takwimu hizo kwamba wazazi wa kule waliweza kuidai serikali ahadi yake ya 2014 ilipovunjwa. Wizara ya Afya inaweza kuiandikia kila hospitali yenye wodi ya akili, kuanzia Mathari hadi zile za kaunti, na Idara ya Magereza inaweza kufanya vivyo hivyo kwa walioko kizuizini chini ya Kifungu cha 167. Waulize ni wangapi, wamekaa kwa muda gani, nani aliyetia sahihi ya kuwalaza, na lini mara ya mwisho daktari aliandika sababu ya kuwabakiza. Majina yasitajwe, lakini hesabu ichapishwe katika gazeti hili na mengine, ili tuliowaacha watoto wetu kwenye milango hiyo tuione.

Wako mwaminifu,
Mzazi wa kijana mwenye usonji,
Kisauni, Mombasa